Paipu za springla ndani ya friza ya samaki zimepasuka, sponji haikusaidia kitu. Wataalamu nisaidieni

stoo_ya_ziwani
Wadau habari zenu. Nasimamia stoo ya samaki huku njia ya Entebbe, siyo kiwanda kikubwa, tuna friza moja ya minofu ya sangara iko nyuzi -20, kuna chumba cha pili cha samaki wabichi kiko nyuzi 2 hivi, halafu hall ya kupakia ambayo ni joto letu la kawaida tu. Bosi alipoongeza hii friza watu wa bima wakasema jengo lote liwe na springla, vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji moto ukitokea, basi kontrakta akaja akaunga kwenye laini ya hall akapitisha paipu moja kwa moja mpaka ndani ya friza, zimejaa maji. Nilimuuliza hii si itaganda, akaniambia usijali nitafunga sponji nyeusi ile ya paipu za AC, na kweli akafunga vizuri mpaka ikapendeza.

Sasa juzi tumezima friza ili tuoshe na tutoe barafu ukutani, joto lilipopanda tu maji yakaanza kumwagika kutoka juu, elibo moja (kona ya paipu) imepasuka na paipu ya inchi moja imechanika kwa urefu, maboksi yaliyokuwa bado kwenye reki ya mwisho yote yameloa. Kumbe ilishapasuka zamani ila barafu ndiyo ilikuwa inaziba.

Bosi ana mawazo mawili, tufunge sponji nene zaidi, au tumwage kulanti ya gari, ile dawa ya rejeta isiyoganda, kwenye hizo paipu. Mimi roho inakataa yote mawili lakini sina la kumjibu. Nani ameshafanya kazi ya hivi hapa Uganda?

kigezi_boy
Paipu kuganda Uganda 😂😂 nilidhani stoo yenu iko juu ya kilele cha Margherita kule Rwenzori. Sisi Kabale tunalala na mablanketi matatu na bado hatujapasua paipu hata moja

fundi_presha
Acha kucheka ssebo, hii kitu ipo na inaongezeka, kila mtu siku hizi anajenga koldrumu (chumba cha baridi), samaki, kuku, maziwa, chanjo, na mafundi wengi wa springla hapa Kampala wamezoea maofisi na supamaketi ambako baridi siyo swali kabisa.

@stoo_ya_ziwani nikupe kwanza sababu halafu tuje kwenye dawa. Sponji haitengenezi joto, inachelewesha tu baridi kuingia, na blanketi haimpi maiti joto. Maji ya springla yamesimama tu hayatembei, hayana joto jipya linaloingia, kwa hiyo kwenye -20 ukifunga sponji ya vidole viwili au vinne mwisho ni uleule, tofauti ni masaa. NFPA 13, kanuni ya Kimarekani ya springla, ambayo ndiyo mabima na makonsalta wengi wanaifuata, inasema paipu yenye maji ikae mahali ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 4. Siyo sifuri, ni 4. Maana yake hata kile chumba chako cha nyuzi 2 kiko nje ya sheria, usikisahau.

Na kupasuka siyo barafu inasukuma ukuta wa paipu pale ilipo tu. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa karibu asilimia 9, barafu ikijenga kizibo upande mmoja basi maji yaliyobaki kati ya kizibo na mwisho wa laini hayana pa kwenda, presha inapanda mpaka kitu dhaifu kiachie, mara nyingi ni elibo, tii (kiungo cha njia tatu), au kichwa chenyewe cha springla. Ndiyo maana utakuta pameachia mahali ambapo barafu yenyewe haikuanzia.

Dawa: toa maji yote ndani ya friza. Funga hiyo laini leo, toa maji, waambie watu wa bima kwa maandishi kwamba friza haina ulinzi kwa sasa, weka mtu wa kuzunguka usiku na mitungi ya kuzimia moto karibu na mlango. Halafu tuongee mfumo.

stoo_ya_ziwani
Asante sana fundi. Laini nimeshafunga. Sasa hiyo kulanti je? Bosi ameshikilia hapo kwa sababu anaona gari haligandi Ulaya.

mama_kompresa
Kulanti ya gari kwenye stoo ya chakula? Banange! Ile nyingi ni ethilini glaikoli, ni sumu, tamu mdomoni na inaua figo. Springla moja ikigongwa na foklifti hiyo kitu inamwagikia minofu inayokwenda kwa wateja wa nje, na pia laini yenu imeunganishwa na tangi la maji, valvu ya kuzuia maji kurudi ikichoka mnakunywa nyote. Mwambie bosi hilo la kwanza tu linatosha.

fundi_presha
Na la pili ni moto wenyewe. Kuna dawa za kuzuia kuganda zilizokuwa zinatumika kwenye springla kwa miaka mingi, glisarini na propilini glaikoli, siyo sumu kama ile ya gari, lakini zinaungua zikiwa nyingi. Mwaka 2009 huko Truckee, California, moto wa jikoni kwenye apatimenti ulifungua springla iliyokuwa na glisarini nyingi kuliko maji, ile mvua ikawaka yenyewe, mtu mmoja akafa na mwingine akaungua vibaya. Baada ya hapo wakapima upya kila kitu, wakaweka kikomo, 48% kwa glisarini na 38% kwa propilini, halafu baadaye wakasema mfumo mpya utumie tu dawa iliyochanganywa kiwandani na kupewa kibali kwa kazi hiyo, na mifumo ya zamani ikapewa mpaka Septemba 2022 kuachana na michanganyiko ya kienyeji. Zile zenye kibali zipo lakini ni ghali na kwa -20 unabaki na nafasi ndogo sana ya kukosea. Mimi kwa friza siwezi kuzipendekeza, labda kwa kipande kifupi cha paipu.

mganda_wa_Calgary
Nimesoma hapa nikacheka kidogo maana hii ndiyo kazi yangu kila mwaka, nafanya matengenezo ya majengo Calgary, Kanada, huku nje inafika -30 na mabosi wa huku nao wana mawazo kama ya bosi wako, kila kitu ni sponji sponji.

Huku maghala yasiyo na joto na paking za chini ya majengo zote ni mfumo mkavu. Paipu zina hewa ya presha, maji yanangoja nyuma ya valvu kwenye chumba chenye joto. Kichwa kikifunguka kwa moto hewa inatoka, presha inashuka, valvu inaachia maji yanakimbia. Inachelewa kidogo, kwa mfumo mkubwa tunapima maji yafike kwenye kichwa cha mbali kabisa ndani ya sekunde 60.

Kinachotuua huku siyo valvu, ni maji kidogo yanayobaki kwenye mabonde ya paipu. Hewa ina unyevu, unyevu unageuka maji, maji yanateremka yanakusanyika mahali pa chini kabisa, usiku mmoja wa baridi kali elibo imekwenda. Kwa hiyo kila bonde lina kopo la kukusanyia lenye valvu mbili, ya juu inakaa wazi ya chini imefungwa, na ukitaka kumwaga UNAFUNGA YA JUU KWANZA, ndipo unafungua ya chini, unamwaga, unafunga ya chini, halafu unafungua ya juu polepole. Kuna kijana aliyefungua zote mbili pamoja, hewa yote ikatoka, valvu ikaachia, jengo zima likapata maji ndani ya paipu na nje ilikuwa -25. Hiyo wikendi hakuna aliyelala.

Nyinyi huko mna bahati moja ambayo hamuioni. Sisi tunalipia joto la chumba cha valvu, joto la tangi, joto la paipu inayotoka ardhini, na paipu ya ardhini yenyewe inazikwa chini zaidi ya pale baridi inapofika. Nyinyi ukitoka tu nje ya ukuta wa friza ni nyuzi 25 bure.

kigezi_boy
Hiyo ya bahati nimeipenda. Samahani @stoo_ya_ziwani nilidhani ni utani, kumbe kuna elimu hapa

mama_kompresa
@mganda_wa_Calgary nakubaliana na wewe ila hapo kwenye hewa huko kwenu na hapa kwetu siyo kitu kimoja, na hapa ndipo mafundi watamharibia huyu ndugu mara ya pili.

Mimi ni mtu wa majokofu makubwa siyo springla, lakini unyevu naujua. Hewa ya huku ziwani, nyuzi 25 na unyevu asilimia 80, inabeba karibu gramu 18 za maji kwenye kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi -20 inaweza kubeba gramu moja tu hivi. Sasa kompresa ya kawaida imekaa pale hall inavuta hiyo hewa ya ziwa inaisukuma ndani ya paipu ya friza, unafikiri zile gramu 17 zinakwenda wapi? Zinashika kwenye ukuta wa paipu kama jalidi, na zinashika palepale paipu inapovuka ukuta kuingia kwenye baridi. Kila kompresa ikiwaka kuongeza presha kidogo jalidi inaongezeka, miezi inapita, siku moja paipu imezibwa kabisa na geji huku nje bado inaonyesha presha nzuri. Moto ukitokea springla inafunguka, maji yanakuja yanakuta kizibo. Hapo una mfumo wa picha tu.

Na asikuuzie mtu drayer (kikausha hewa) ile ya kawaida ya kompresa inayopoza hewa, ile inakausha mpaka kiwango cha nyuzi 3 hivi, kwa friza ni kazi bure. Unataka ile ya chembechembe za kunyonya unyevu inayofika -40, au naitrojeni kwenye mtungi.

fundi_presha
Hapo mama umegonga penyewe. Njia nyingine inayokubalika ni kompresa kuvuta hewa kutoka ndani ya friza yenyewe, ile ya mahali penye baridi kuliko pote, maana hiyo hewa imeshakauka. Lakini kwa stoo ndogo mimi ningekwenda na naitrojeni. Mtungi na regyuleta unapata kwa watu wa gesi za kuchomelea, haihitaji umeme, haina unyevu na paipu haishiki kutu upesi. Sharti moja tu, paipu zisivuje. Kabla ya kukabidhiwa mwambie kontrakta atie hewa ya presha psi 40 aiache masaa 24, isishuke zaidi ya psi 1.5. Asipoweza hapo utakuwa unanunua mitungi kila siku.

Na pale paipu inapoingia friza weka vipande vinavyofunguka upesi, ili kila mwaka mtu afungue achungulie kama kuna barafu. Mteremko nao usisahaulike, ndani ya friza milimita 4 kwa kila mita, kurudi upande wa nje.

stoo_ya_ziwani
Nashukuru sana, naandika yote. Swali langu kubwa sasa ni umeme. Huku kwetu unakatika, jenereta ipo lakini siku nyingine inachukua muda au dizeli imeisha. Kama mfumo unashikiliwa na presha ya hewa, umeme ukikaa umekatika kompresa haifanyi kazi, hewa ikavuja polepole, si maji yataingia yenyewe ndani ya friza bila moto wowote? Na foklifti zetu zinagonga vichwa, imeshatokea huko hall.

fundi_presha
Umeuliza swali ambalo konsalta wako alitakiwa aulize. Ndiyo, kwenye mfumo mkavu wa kawaida hilo linatokea. Na maji yakishaingia kwenye paipu za -20 humwagi tena, unashusha paipu kipande kipande unazipeleka juani zikayeyuke, na friza inazimwa.

Kwa hiyo kwa friza wanatumia mfumo unaosubiri mambo mawili kwa pamoja, sensa ya moto iseme kuna moto NA hewa ya kwenye paipu ishuke kwa sababu kichwa kimefunguka. Foklifti ikigonga kichwa hewa inatoka, alamu inalia, lakini maji hayaji kwa sababu sensa haijaona moto. Sensa ikichanganyikiwa, maji hayaji kwa sababu hewa iko. Umeme ukikatika, hewa ikivuja, bado maji hayaji. Paneli yake ina betri, dai iwe ya masaa 24 angalau, na kwa umeme wetu mimi ningeongeza.

Sensa zenyewe siyo zile za moshi za ofisini, baridi inaziua. Weka waya wa kuhisi joto unaopita chini ya dari yote, uwe wa kiwango cha baridi hiyo.

Ubaya wake: bei, na maji yanachelewa zaidi, ndiyo maana eneo la sakafu linalotumika kukokotoa maji yanayohitajika linaongezwa asilimia 30. Pampu yenu iangaliwe upya, inawezekana haitoshi.

bosi_mdogo_Jinja
Mimi naomba niulize kitu cha kijinga. Friza ni barafu tupu, samaki ni maji, nani alishaona barafu inaungua? Si mngetoa tu hizo springla ndani mkaacha za hall, mkaokoa pesa? Naona mnamtisha huyu ndugu.

mama_kompresa
Samaki haungui mapema ndugu yangu, angalia kilichomzunguka. Ukuta wa friza ni mabati membamba na povu la poliyurethani katikati, au polistireni ambayo ni mbaya zaidi, moto ukishaingia katikati ya mabati mawili maji kutoka nje hayaufikii. Ongeza maboksi, nailoni, paleti za mbao, na hewa ya ndani ni kavu kabisa kwa hiyo boksi linashika upesi. Cha kuwashia ni mota za feni, hita za kuyeyusha barafu kwenye koili, hita ya fremu ya mlango, chaja ya foklifti, na yule fundi anayekuja kuchomelea reki bila kuangalia nyuma ya paneli ana nini. Mimi ningeogopa huyo wa mwisho kuliko wote. Na kama friza inatumia amonia zimamoto hawataingia haraka, kwa hiyo springla ndiyo iliyoko ndani.

bosi_mdogo_Jinja
Kale, nimenyamaza. Hizo paneli ndizo nilizo nazo mimi pia

mganda_wa_Calgary
@stoo_ya_ziwani friza yako ina ukubwa gani na juu ya dari yake kuna nini? Nauliza kwa sababu kama ni chumba kilichojengwa ndani ya jengo kubwa, na juu ya paneli za dari kuna nafasi ya joto, kuna njia rahisi zaidi na hakuna aliyeitaja.

stoo_ya_ziwani
Ni chumba ndani ya hall ndiyo. Mita 12 kwa 8. Juu ya paneli kuna nafasi mpaka bati la paa, mtu anatembea ameinama, na kwa kweli ni joto kweli kweli mchana.

mganda_wa_Calgary
Basi wewe usikimbilie mfumo wa mambo mawili kabla hujauliza bei ya vichwa vikavu. Paipu yenye maji inabaki juu ya dari kwenye joto, kila kichwa kina shina refu lisilo na maji linalopenya paneli mpaka ndani ya friza, kizibo chake kiko juu kabisa upande wa joto. Moto ukipasua kile kichupa cha kioo cha chini, shina linaachia kizibo na maji yanashuka palepale bila kuchelewa. Hakuna kompresa, hakuna naitrojeni, hakuna betri, umeme ukikatika haujali.

Masharti ni mawili matatu. Urefu wa shina unachaguliwa kwenye jedwali la mtengenezaji kwa kuangalia baridi ya ndani na joto la juu, likiwa fupi mno chuma kinapitisha baridi kinagandisha maji kwenye tii. Vinaagizwa kwa urefu kamili, havikatwi sait, kwa hiyo pima mara mbili. Na tundu kwenye paneli lizibwe vizuri kabisa kwa kifuniko chake, hewa ya joto ikipenya pale jalidi inafunika kioo na kichwa kinaweza kushindwa kufanya kazi. Foklifti bado ni tatizo, ikivunja kichwa maji yanakuja, kwa hiyo weka vizuizi kwenye reki na mpaka wa kupanga maboksi.

fundi_presha
Hiyo ni kweli na kwa mita 12 kwa 8 hata mimi ningeanzia hapo, nilidhani friza iko peke yake nje. Paa linafika joto gani mchana? Kwa springla za huko juu ya paneli zenyewe, chini ya bati la jua kali, usiweke kioo chekundu kinachopasuka kwenye nyuzi 68, weka cha manjano 79 au cha kijani 93, vinginevyo itafunguka Februari bila moto. Kile chumba cha nyuzi 2 fanya vilevile kama friza, vichwa vikavu, ukishakuwa na paipu juu ni nyongeza ndogo.

stoo_ya_ziwani
Jumatatu napanda huko juu na themomita niiache siku nzima, nitaleta namba. Kontrakta amenipigia leo anasema atabadilisha elibo na aongeze sponji bure. Nimemwambia asilete sponji, alete kwanza mchoro.

fundi_presha
Na kwenye mchoro uone imeandikwa urefu wa kila shina na jina la mtengenezaji. Akiandika tu "springla kavu pisi 12" mrudishie.